Mpangaji wa Tano: Mwongozo wa Kumpenda Buibui wa Mahali pa Kazi

Kwanza kabisa, rudisha hicho kiatu mguuni. Najua kwa nini umekivua. Najua yule aliye ukutani juu ya kalenda ametanua miguu minane kama kiganja cha mtoto, na moyo wako umeruka. Sikulaumu. Lakini mwongozo huu haumfai mtu aliyeshika kiatu mkononi. Kivae, kisha vuta kiti mpaka umbali ambao nafsi yako inauridhia, hata kama ni mlangoni, ukae umtazame kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai. Hilo ndilo somo la kwanza, na kwangu mimi ni nusu ya masomo yote.

Nasema hivyo kwa sababu nimeyaona matunda yake. Hapa Mbita, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, si mbali na feri ziendazo Luanda Kotieno, tuko watu wanne tunaochanga kodi ya chumba kimoja. Fundi cherehani amekaa dirishani penye mwanga. Kijana wa fotokopi yuko karibu na soketi. Dada wakala wa pesa za simu ana kibanda chake cha waya pembeni, nami natafsiri barua na hati za watu kwenye meza iliyobaki. Chumba kina dari ya mbao, kuta zilizopigwa lipu zamani, na balbu mbili. Kina pia wapangaji wengine ambao hawajawahi kuchanga hata shilingi. Mwaka wa kwanza tuliwapiga kwa ufagio kila Jumamosi. Siku hizi mteja akikunja gazeti na kulinyanyua, fundi humshika mkono kabla mimi sijainuka kitini. Hatukufika hapo kwa mahubiri. Tulifika kwa kufuata utaratibu fulani, tukiukosea na kuurudia, na ndio ninaouandika hapa ili mwenye ofisi, karakana, duka au chumba cha walimu autumie.

Ukishaweza kumtazama kwa muda wa kikombe cha chai, acha kusema “buibui” kana kwamba ni kiumbe mmoja. Wataalamu wamekwisha kuwapa majina zaidi ya aina 50,000. Idadi hiyo ilifikiwa mwaka 2022, na bado wanaongezeka. Umati wa namna hiyo hakuna awezaye kuupenda. Unayeweza kumpenda ni yule wa pembe ya kushoto, juu ya kabati la faili. Kwa hiyo chukua daftari, andika nani anakaa wapi, anatoka saa ngapi, anakula nini. Baada ya wiki mbili utagundua kwamba wakazi ni wachache kuliko ulivyodhani, na kwamba kila mmoja ana desturi zake.

Anza na walio rahisi. Pale dari inapokutana na ukuta, utaona wenye kiwiliwili kidogo kama punje ya mchele na miguu mirefu, myembamba kama uzi wa kushonea. Hao hukaa kichwa chini kwenye utando uliotawanyika bila mpango. Puliza taratibu: mmoja wao ataanza kujitikisa kwa kasi mpaka umbo lake lipotee machoni, uone ukungu tu. Hiyo ndiyo silaha yake. Hakimbii wala hashambulii. Anajitikisa ili adui asijue pa kumshika. Ukibahatika utamwona jike amebeba mayai yake mdomoni, fungu dogo la rangi ya maziwa, naye atalibeba hivyo hivyo mpaka watoto watoke. Sisi tunawaita Wacheza Ngoma.

Kisha kuna yule bapa. Amelala ukutani kana kwamba amepigwa pasi, rangi yake ni ya lipu chakavu, na unaweza kutundika kalenda juu yake usijue. Ukimgusa kwa ncha ya kalamu, hutamwona akiondoka. Utamwona tu yuko mahali pengine. Mwaka 2018 watafiti walipima jamii yake kwa kamera za kasi na wakakuta kwamba hawa ndio wanyama wageukao kwa miguu upesi kuliko wote waliowahi kupimwa nchi kavu. Yale maduara meupe unayoyaona ukutani, ukubwa wa sarafu, membamba kama karatasi, ambayo kila anayepaka rangi huyabandua kwa kisu, ndiyo mifuko ya mayai yake. Tuliyabandua nasi, miaka mingi, tukidhani ni ukungu wa ukuta. Kijana wa fotokopi ndiye aliyempa jina la Muhuri, kwa sababu amegongwa ukutani na hatoki.

Mkubwa wao tunamwita Shangazi. Yeye ndiye aliyekuvulisha kiatu. Hatandi utando, anatoka usiku na kuwinda kwa miguu, na chakula chake akipendacho ni mende. Mpe jina la heshima buibui mkubwa wa mahali penu, kwani jina hubadilisha sauti ya mtu. “Kuna buibui!” ni kelele ya hatari, lakini “Shangazi yuko nyuma ya kabati” ni habari, na mtu huipokea akiwa ameketi. Zamani kijana wa fotokopi alikuwa akifungua mashine yake asubuhi na kukuta vinyesi vya mende kwenye karatasi. Tangu tumwache Shangazi aishi nyuma ya mashine hiyo, sijamsikia akilalamika, ingawa yeye mwenyewe bado hubisha hodi kwa kugonga kabati kabla ya kuingiza mkono.

Hao watatu niliwapitia haraka kwa sababu nataka nifike kwa wa nne, na huyu nakuomba umpe muda wako wote.

Ni mdogo, milimita tano hivi, hana utando wa kuwindia, anatembea ukutani mchana kweupe kwa hatua za kusitasita, kisha anaruka. Ukimsogezea kidole hatakimbia kwanza. Atageuka akutazame. Ana macho manane kama wenzake wengi, lakini mawili ya mbele ni makubwa, meusi, yanang'aa, na yanakulenga wewe hasa, jinsi karani wa dirishani anavyokutazama ukimkabidhi fomu iliyokosa sahihi. Tunamwita Mkaguzi. Watu wengi wanaoshindwa kumpenda buibui yeyote huanza na huyu, kwa kuwa ni vigumu kumponda mtu aliyekutazama usoni.

Aina za buibui warukaji ziko nyingi ulimwenguni. Lakini kando ya ziwa hili, upande wa Kenya na Uganda, yuko mmoja ambaye hajulikani kuishi pengine, naye ndiye Mkaguzi wetu. Jina lake la kisayansi ni Evarcha culicivora, na neno hilo la pili maana yake ni mla mbu. Alielezwa rasmi mwaka 2003. Aliyeshughulika naye kwa miaka mingi ni Robert Jackson, mtafiti wa New Zealand, pamoja na wenzake kama Ximena Nelson na Fiona Cross, na kazi hiyo waliifanyia hapa hapa Mbita, kwenye kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970. Leo kituo hicho cha ufukoni kinaitwa kwa jina lake. Naona fahari kusema hivyo. Mengi ambayo ulimwengu unayajua kuhusu kiumbe huyu yalijulikana umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mezani pangu.

Na mambo yenyewe ni haya. Mkaguzi anapenda damu, lakini hana mdomo wa kutoboa ngozi ya mtu. Kwa hiyo anamngoja mbu jike aliyekwisha kukunyonya usiku na sasa amepumzika ukutani, tumbo limemjaa, anasaga chakula chake. Huyo ndiye amtakaye. Mwaka 2005 Jackson na wenzake walichapisha majaribio ambamo buibui hawa waliwekewa wadudu wa kila namna: mbu dume, mbu jike asiyekula damu, visubi wa ziwani, na mbu jike mwenye damu. Walimchagua yule mwenye damu. Walimchagua kwa macho pale walipozuiwa kunusa, na kwa harufu pale walipozuiwa kuona. Wewe na mimi tunakaa chini ya wingu la visubi likipanda kutoka ziwani kama moshi, tunashindwa kujua kipi ni kisubi na kipi ni mbu mpaka tumeumwa. Yeye, kwa ubongo mdogo kuliko kichwa cha pini, anajua.

Walio wadogo zaidi wanapambanua hata aina ya mbu. Mbu aina ya Anopheles, abebaye malaria, hukaa ukutani akiwa ameinua nyuma juu. Picha yake ilikuwa kwenye ubao wa kila zahanati tuliyopelekwa utotoni. Mtoto wa buibui huyu, mwenye urefu wa milimita moja na ushee, humzunguka Anopheles kwa nyuma, akapita chini ya lile tumbo lililoinuliwa, akamshika kutoka chini. Mbu wa aina nyingine hamwendei kwa njia hiyo. Hakuna aliyemfundisha, mama yake hakumpeleka shule yoyote.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo huwaambia wageni wa ofisi yetu, na hapo ndipo nyuso hulegea. Mwaka 2009 Cross, Jackson na mwenzao walionyesha kwamba buibui huyu akila mbu mwenye damu, harufu yake huwavutia zaidi wa jinsia ya pili. Yaani chakula hicho ndicho manukato yake ya uchumba, kwa dume na kwa jike. Na mwaka 2011 walionyesha kwamba anavutwa na harufu ya soksi iliyovaliwa na binadamu kuliko soksi safi. Anatufuata sisi kwa sababu sisi ndio tunaofuatwa na mbu. Kama una mazoea ya kuvua viatu chini ya meza mchana wa joto, usione aibu: umemwalika.

Nitakueleza siku ambayo fundi alibadilika. Alikuwa ndiye mgumu kuliko wote, na alikuwa na haki. Mtoto wake wa miaka mitatu hulala mchana juu ya mabunda ya kitambaa nyuma ya cherehani, na hakutaka mdudu yeyote karibu naye. Wiki hiyo mtoto alikuwa ametoka kuugua malaria, macho bado makubwa usoni, na mama yake alikuwa akishona huku akimtazama kila mshono. Nilikuwa nikiandika nikasikia cherehani imenyamaza.

“Mwalimu,” aliniita kwa sauti ya chini, “njoo uone huyu wako.”

Ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mtoto, mbu alikuwa ametulia, tumbo lake jekundu, tena limevimba. Mkaguzi alikuwa chini yake kama kiganja kimoja hivi. Alisogea, akasimama. Akasogea tena. Tulikaa, nadhani, dakika kumi, mguu wa fundi umening'inia juu ya kanyagio. Dada wakala aliacha wateja wawili dirishani akaja. Kijana akaja na karatasi zake mkononi. Halafu mruko mmoja, mfupi, hata sikuuona, na mbu alikuwa mikononi mwa mwingine.

Fundi hakusema kitu mpaka buibui alipokwisha kumburuta mbu nyuma ya ubao. Kisha akasema, “Hiyo damu ni ya mwanangu.” Akakanyaga cherehani yake. Tangu siku ile hakuna aliyemsikia akiomba ufagio kwa ajili ya ukuta ule.

Sasa nisieleweke vibaya. Buibui hachukui nafasi ya neti. Mtoto yule analala ndani ya neti usiku, na wapulizaji wa dawa za malaria wakija mtaani, wafungulie mlango na uondoe vyombo kama wanavyoagiza, hata kama unajua kwamba ukuta utakuwa kimya kwa muda baadaye. Ninachokiomba ni uache ile dawa ya kopo inayonunuliwa dukani na kupulizwa kila jioni kwa mazoea, bila kumlenga mtu. Ile inawaua Wacheza Ngoma na Mkaguzi pamoja na mende mmoja wawili, kisha mende wanarudi wa kwanza. Ukiona mende ni wengi, funika chakula, ziba nyufa za sinki, toa maboksi ya kale, na umwachie Shangazi zamu ya usiku.

Yuko pia mmoja ambaye napenda umpende kwa mbali. Ni wa rangi ya kahawia, tumbo lake mviringo kama gololi, na chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa kama pembetatu mbili zilizogusana ncha. Hupenda kukaa chini ya viti vya plastiki, ndani ya ndoo zisizotumika na nyuma ya meza za nje. Mfuko wake wa mayai una vijimwiba pande zote, kama kokwa la majani linaloshika nguo, na hiyo ndiyo alama nzuri ya kumtambua. Ni jamaa wa wale wenye sumu maarufu. Yeye ni mwoga, hujikunyata na kujiangusha akiguswa, lakini akibanwa kati ya kiti na paja anaweza kuuma, na maumivu yake ni makali. Kwa hiyo geuza viti vya wateja kila wiki uangalie chini. Mtu akiumwa, osheni mahali hapo kwa maji na sabuni, mwekeeni kitu baridi, na maumivu yakipanda au akiwa mtoto au mzee, mpelekeni hospitali bila kungoja. Hawa tunawahamisha, wote, bila mjadala. Upendo usiojua nani akae wapi utamuumiza mtu, kisha buibui wote walipe.

Kuhamisha ni kazi ya glasi na bahasha. Mfunike buibui kwa glasi taratibu, usimkate mguu. Penyeza bahasha ngumu kati ya mdomo wa glasi na ukuta, shikilia, nenda nje, mweke chini ya mti au kwenye ukuta wa nyuma, inua glasi na urudi nyuma hatua moja. Nunua glasi maalumu kwa kazi hiyo na uipake alama. Sisi tulichelewa kufanya hivyo, na kulitokea maneno siku ya chai.

Na sasa wanadamu wenzako, ambao ni somo gumu kuliko buibui wote. Usimcheke anayeogopa. Dada wakala aliniambia siku moja kwamba akiwa mdogo kaka zake walimtupia buibui kwenye nguo, na kwamba mwili wake hujibu kabla akili haijaulizwa. Mtu wa namna hiyo hashindwi kwa hoja. Nilipomweleza kwamba watafiti Martin Nyffeler na Klaus Birkhofer walikadiria mwaka 2017 kwamba buibui wa dunia hula tani milioni 400 hadi 800 za wadudu na vijidudu vingine kila mwaka, alinijibu kwa upole, “Na wawale, Mwalimu, lakini si juu ya kichwa changu.” Alisema kweli. Tulichofanya ni kukubaliana kwamba kibanda chake chote, tangu waya hadi dari, ni eneo huru, na kwamba yeyote anayeonekana humo anahamishwa mara moja, na anayemhamisha si yeye. Alipokwisha kujua hivyo alianza kutazama kutoka kibandani mwake, kwa hiari yake, kidogo kidogo. Siku alipoacha wateja ili aje kuona uwindaji ule, alikuwa ametutazama sisi tukitazama kwa karibu mwaka.

Mama wa usafi naye ana heshima yake, na ofisi chafu hatuitetei. Mfundishe kutofautisha tandabui na nyumba. Tandabui ni utando ulioachwa: umejaa vumbi, umelegea, rangi ya majivu, hakuna mtu ndani. Huo ufagiwe wote, tena uondolewe kila wiki, maana ndio unaoifanya ofisi ionekane gofu na kuwapa majirani la kusema. Nyumba ina mwenyewe. Inama uangalie kabla ya kufagia. Wale wa nje ya dirisha watandao duara kamili hawana hata haja ya ufagio wako, kwa kuwa wengi wao huula utando wao na kuutanda upya, mara nyingi kila usiku. Sisi tulichora mstari wa penseli ukutani usawa wa juu wa mlango: chini ya mstari ni mamlaka ya mama wa usafi, juu ya mstari ni mpaka atuulize. Aliukubali mara moja. Alisema hakuwahi kupenda kupanda juu ya kiti.

Mzee mmoja muuza dagaa, ambaye huniletea barua za mwanawe aliye Oman, aliuona mstari huo akauliza maana yake. Nilipomweleza alicheka sana, akaketi. Akanikumbusha simulizi ambayo Waislamu hukua nayo, ya pango la Thaur: jinsi Mtume na sahibu yake Abubakar walipojificha humo wakitoka Makka, na buibui akatanda mlangoni, na waliowafuatia walipouona utando mzima wakaamua hakuna aliyeingia. “Na ujue,” akasema, “iko sura nzima kwa jina lake, ya 29, Al-Ankabut, na humo nyumba ya buibui imetajwa kuwa dhaifu kuliko nyumba zote. Basi tazama: iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo iliyowekwa mlangoni.” Tangu siku hiyo akija na barua hutazama kwanza juu, kisha ndipo anaposalimia.

Jiandae pia kwa misiba, kwani ukishamjua mtu kwa jina utaumia akiondoka. Siku moja utamkuta Shangazi sakafuni, miguu imejikunja kifuani kama ngumi. Buibui hana misuli ya kunyosha miguu yake yote. Huinyosha kwa kusukuma maji ya mwili, na uhai ukitoka msukumo huisha, miguu ikajikunja yenyewe. Huyo amekufa. Lakini ukikuta umbo lake limening'inia, jepesi, miguu wazi, limepasuka kichwani na ndani tupu, usilie. Amevua ngozi akakua. Tafuta nyuma ya kabati utamkuta, mpya, rangi imekolea.

Msiba mkubwa kwetu ulikuwa wa nyigu ajengaye kwa udongo. Alianza na kibomba kimoja nyuma ya pazia, tukamwacha kwa kuwa tulikuwa tumejifunza kuacha. Kilipoanguka na kupasuka mezani, ndani kulikuwa na buibui wadogo wamepangwa kama dagaa kwenye kikapu, wengi wao Wakaguzi. Hawakuwa wamekufa. Nyigu huwachoma wapooze, akawafungia humo pamoja na yai lake, ili mtoto wake akitoka apate nyama isiyooza. Nilikaa nikimtazama mmoja akitikisa mguu. Fundi aliuliza kama tuvunje vibomba vilivyobaki. Tulijadiliana mchana mzima, nasi tukaviacha, kwa kura mbili dhidi ya mbili na mtoto aliyetaka kujua nani ataruka kutoka ndani. Bado sina hakika kama tulifanya sawa.

Jambo la mwisho ni la saa ya kufunga. Mwaka 2022 Daniela Rößler na wenzake walichapisha walichokiona walipowarekodi usiku watoto wa Evarcha arcuata, binamu wa Ulaya wa Mkaguzi wetu. Usiku hujining'iniza kwa uzi mmoja na kulala. Ngozi ya watoto hao bado inapenya mwanga, hivyo mirija ya macho yao iliweza kuonekana kwa ndani, nayo ilikuwa ikicheza huku na huku kwa vipindi, huku miguu ikishtuka na kujikunja, kama mbwa alalaye uani anayekimbiza kitu usingizini. Watafiti hawakudai kwamba wanaota. Walisema dalili hizo zinafanana na za ule usingizi ambao sisi huota ndani yake.

Kwa hiyo jioni, fundi akishafunika cherehani, kijana akachomoa waya, na dada wakala akahesabu pesa zake mara ya pili, pita dirishani utazame pembe ya juu ya fremu. Akiwa amekwisha kujining'iniza, zima balbu. Na mlango ufunge kwa mkono mpaka kitasa kishike, usiuachie upepo wa ziwa.